Utani, Msiba na Lumbesa: Nafasi ya Mzaha katika Ukosoaji wa Jamii, kwa Kurejelea Ilula, Iringa

Ikisiri

Makala haya yanajadili nafasi ya mzaha katika ukosoaji wa mambo mazito ya jamii. Kielelezo kinachotumika ni utani, na mahali panaporejelewa ni Ilula, mkoani Iringa. Hoja kuu ni kwamba mzaha haupati thamani ya kijamii kwa sababu tu unachekesha au unapunguza ukali wa maneno. Thamani yake inatokana na wajibu unaomfunga msemaji kwa msemwa. Mzaha wenye wajibu hukosoa na kujenga. Mzaha uliokatwa kutoka katika wajibu huo hugeuka tusi, hata unapotumia maneno yale yale.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema: mzaha mzaha hutumbua usaha. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kuonya kwamba jambo lililoanza kwa kucheka huweza kuishia pabaya. Hata hivyo, kutumbua usaha ni tiba pia. Jipu lisilotumbuliwa huendelea kumtesa mgonjwa, na anayelitumbua sharti awe na mkono uliozoea na maji ya moto tayari. Maana hizi mbili za methali moja, madhara na tiba, ndizo zinazozua swali la makala haya: ni nini kinachoutenga mzaha unaotibu na mzaha unaojeruhi?

Wapo wanaouchukulia mzaha kuwa chumvi tu ya mazungumzo: ujumbe upo kando, na kicheko kinaongezwa ili ukolee. Mtazamo huu una upungufu. Ukiukubali, itafuata kwamba ujumbe ule ule ungeweza kusemwa bila mzaha na ukabaki vile vile, isipokuwa ungekuwa mkavu zaidi. Itaonyeshwa hapa kwamba katika mazingira fulani ujumbe hausemeki kabisa nje ya mzaha.

2.0 Utani kama Utaratibu wa Kusema

Utani ni uhusiano unaoruhusu, na pengine kudai, watu wawili au makundi mawili yafanyiane dhihaka bila kukasirikiana. Radcliffe-Brown (1940) aliueleza uhusiano wa aina hii kwa upana wake, na Moreau (1941) akaandika juu ya utani wa Tanganyika hasa. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa mkusanyo wa juzuu kadhaa kuhusu utani nchini, chini ya uhariri wa Stephen Lucas. Kwa jumla hutofautishwa utani wa ukoo, kama ule wa babu na mjukuu, wa mabinamu na wa mashemeji, na utani wa makabila. Huu wa pili aghalabu ulizaliwa na vita vilivyokwisha kwa mapatano, au na safari za misafara ya biashara.

Kwa mtazamo wa isimu, utani una mambo matatu. Kwanza, ni haki inayotokana na uhusiano: si kila mtu anaweza kumtania kila mtu. Pili, ni wa kurudishiana: anayetania leo hutaniwa kesho. Tatu, nalo ndilo husahauliwa mara nyingi, unaambatana na wajibu. Mtani husaidiwa njiani, hulishwa, na hasa huzikwa na watani wake.

Austin (1962) alionyesha kwamba tamko huwa tendo pale masharti ya tendo hilo yanapotimizwa. Asiyekuwa na mamlaka ya kufungisha ndoa hafungishi ndoa hata akitamka maneno yote. Ndivyo ilivyo kwa utani. Maneno peke yake hayatoshi kuufanya. Kinachohitajika ni masharti hayo matatu.

3.0 Ilula na Vita Viwili

Ilula ni mji mdogo ulioko wilayani Kilolo, kando ya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Morogoro na Dar es Salaam, ambayo ni sehemu ya njia ya TANZAM iendayo Zambia. Unajulikana kwa nyanya na vitunguu, na kwa malori yanayosimama kupakia mazao au kuwapumzisha madereva. Wenyeji wake wengi ni Wahehe, lakini biashara imewaleta watu wa makabila mengi.

Historia ya eneo hili inatoa ulinganisho wenye manufaa. Wahehe walipigana na Wangoni kati ya 1878 na 1882, na hakuna upande uliomshinda mwenzake kabisa. Baadaye makabila haya yakawa watani. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, si mbali na Ilula, majeshi ya Mkwawa yaliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, mtu aliyekuwa amepewa na Waafrika lakabu ya Nyundo. Vita hivyo havikuzaa utani. Mkwawa alipojipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe, kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Fuvu lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954.

Tofauti ya matokeo haya haielezwi na ukali wa vita, kwa kuwa damu ilimwagika pande zote. Inaelezwa na yale masharti matatu. Baina ya Wahehe na Wangoni palikuwa na uwezekano wa kurudishiana na wa kuzikana. Mtawala wa kikoloni hakukubali kutaniwa na mtawaliwa, na badala ya kumzika adui yake alikichukua kichwa chake. Mtani huzika. Asiyezika hana utani, ana dhihaka tu.

4.0 Mzaha Msibani

Nguvu ya utani huonekana zaidi msibani. Katika jamii nyingi za Tanzania mtani huweza kuvaa nguo za marehemu, akaigiza mwendo na sauti yake, akalala kaburini na kukataa kutoka, au akaizuia maiti isipite mpaka apewe chochote. Wakati huo huo ndiye mchimbaji wa kaburi na mfariji wa wafiwa.

Uchukuliwe mfano wa kubuni, uliotungwa kwa kufuata desturi hiyo na kwa kuzingatia uchumi wa Ilula. Marehemu alikuwa mnunuzi wa vitunguu. Mtani wake, jembe mkononi, anawaambia wenzake waliomo kaburini:

(1) Ongezeni, ongezeni! Huyu alinunua vitunguu vya watu kwa lumbesa. Kaburi la kipimo cha serikali hatatosha!

Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita kiasi na kuongezewa kilemba juu, kisha likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Kisheria mazao ya shamba hayapaswi kufungashwa kwa kuzidi kilo 100, lakini mkulima mwenye mzigo unaoelekea kuoza hana nguvu ya kubishana na mwenye lori. Hasara inayotokana na lumbesa ni ada ya mtoto, ni mbolea ya msimu ujao.

Tamko (1) linafanya kazi katika ngazi tatu. Kwa maana ya wazi ni agizo kwa wachimba kaburi, nalo ni la uongo ulio dhahiri, kwani kila mtu anajua kwamba kaburi halipimwi hivyo. Grice (1975) alieleza kwamba msemaji anapovunja kanuni ya ukweli waziwazi, msikilizaji hulazimika kutafuta maana nyingine. Maana hiyo ni shutuma: marehemu aliwapunja watu. Ngazi ya tatu inawahusu walio hai. Wanunuzi wengine wamesimama pale pale, nao wanasikia kwamba siku yao itakapofika kipimo chao kitatajwa.

Shutuma hii isingewezekana kwa njia nyingine. Mkulima aliyepunjwa angeisema kwa hasira, angeonekana mtovu wa adabu mbele ya maiti. Mhubiri angeisema, angewaumiza wafiwa. Mwenyekiti wa kijiji huenda naye ana gunia lake. Mtani peke yake ndiye anayeweza, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika kwa sababu anayesema ndiye anayewachimbia. Jembe lake ndilo kibali cha ulimi wake.

Huenda ikadaiwa kwamba kicheko hiki huwapunguzia watu uchungu, na kesho yake lumbesa ikaendelea. Dai hili lina uzito. Mzaha hauondoi lumbesa. Kazi hiyo ni ya sheria, mizani na ushirika wa wakulima. Lakini lumbesa haiishi kwa nguvu ya fedha peke yake. Huishi pia kwa kustahiwa, yaani kwa ukimya wa watu mbele ya mtu mwenye uwezo. Tamko (1) linauvunja ukimya huo hadharani, na jambo likishatamkwa mbele ya watu haliwezi tena kudaiwa kuwa halijulikani.

5.0 Mzaha wa Barabarani: Lugha ya UKIMWI

Mfano wa pili unaonyesha upande mwingine. Uchunguzi wa kitaifa wa 2007-08 ulikuta kwamba asilimia 15.7 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 katika mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe, walikuwa na virusi vya UKIMWI. Hicho kilikuwa kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya Bara. Miji ya barabara kuu ilikuwa katika njia ya maradhi hayo.

Kiswahili cha mitaani kiliupokea ugonjwa huu kwa misemo ya mzaha. Aliyeambukizwa alisemwa kuwa amekanyaga miwaya, au ana ngoma. Kifupi cha Kiingereza, AIDS, kilifumbuliwa upya kuwa ‘Acha Iniue, Dogodogo Siachi’. Misemo hii haifanani. Ufumbuzi wa AIDS ni wa nafsi ya kwanza: msemaji anajicheka mwenyewe, na anaufichua ukaidi wa wanaume wanaoijua hatari na kuiendea. Huo ni ukosoaji. ‘Amekanyaga miwaya’ ni wa nafsi ya tatu: humsema asiyekuwapo, haumpi nafasi ya kujibu, na anayeutamka hana wajibu wa kumpelekea uji mgonjwa. Sharti la kurudishiana halipo, wala la kuhudumiana. Kilichobaki ni unyanyapaa uliovaa nguo ya kicheko.

Mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza kutangazwa na Radio Tanzania mwaka 1993, ulichukua njia iliyo karibu zaidi na utani. Mhusika wake Mkwaju, dereva wa lori, alibezwa kwa mwenendo wake tangu akiwa mzima. Ukosoaji uliielekea tabia mapema, badala ya kuusubiri ugonjwa.

6.0 Mipaka: Mzaha juu ya Kujinyonga

Kigezo hiki kinaweza kupimwa kwa utani mgumu zaidi unaowaandama Wahehe kote nchini: kwamba Mhehe akikasirishwa hujinyonga. Wapo wanaouhusisha na kifo cha Mkwawa na kuufanya sifa ya ushupavu. Kutoka kwa mtani, kwa Mhehe aliye mzima, mzaha huo huwa kama ule wa kula mbwa: hurudishiwa, na mambo yakaisha. Lakini msemo huo huo huvuka mipaka unaposemwa ofisini au shuleni na asiye mtani, na zaidi unaposemwa mbele ya kijana aliyekata tamaa kweli. Hapo humnyang’anya njia ya kuomba msaada, kwa kuwa kilio chake kimekwisha kufanywa kichekesho cha kabila. Mtani wa kweli, akisikia hivyo, huacha mzaha na kulala naye nyumba moja mpaka kupambazuke.

7.0 Hitimisho

Mifano hii mitatu inaonyesha kwamba swali la kama jambo fulani ni zito mno kutaniwa limeulizwa vibaya. Kifo ni kizito kuliko yote, na ndicho kinachotaniwa zaidi. Swali linalofaa ni hili: anayecheka anadaiwa nini na anayechekwa? Katika utani deni hilo linajulikana, nalo hulipwa kwa jembe. Watafiti wa isimujamii wanaochunguza mizaha ya magazeti, ya redio na ya mitaani wangefaidika kwa kulitafuta deni hilo kabla ya kuhesabu vicheko. Kwa maana usaha haumdhuru mgonjwa kwa sababu umetumbuliwa. Humdhuru pale mtumbuaji anapoondoka bila kumwosha kidonda.