Jinsi ya Kuisoma Hesabu ya Mashindano

Waalimu wengi hubandika ukutani hesabu ya michezo ya shule yao: imeshinda mara ngapi, imeshindwa mara ngapi, imetoka sare mara ngapi. Watu huitazama safu ya kwanza, kisha huenda zao. Leo twapenda kuisoma pamoja nanyi hesabu ya shule ya De La Salle, iliyo katika mji wa Concord, jimbo la California, Marekani.

Mpira wao si huu wetu. Una umbo mfano wa yai, hushikwa mikononi, na afikaye nao mwisho wa kiwanja cha wenzake hupata pointi 6. Basi msistaajabie wingi wa hesabu zao.

Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1965. Mwalimu Bob Ladouceur alipoishika timu mwaka 1979, haikuwa imepata hata mwaka mmoja ambao kushinda kulizidi kushindwa. Lakini tangu 1992 hata 2003 haikushindwa kamwe: michezo 151 mfululizo. Kabla yao sifa hiyo ilikuwa ya shule ya Hudson, jimbo la Michigan, iliyofikisha 72.

Gawanyeni 151 kwa miaka 12, mtaona ni michezo 12 na zaidi kila mwaka. Maana yake wanafunzi waliingia shuleni, wakacheza, wakamaliza, wala hawakuonja kushindwa. Fikirini basi mzigo wa waliowafuata! Nani angependa kuwa katika timu itakayoivunja hesabu hiyo?

Kila juma mchezaji aliandika katika kadi mambo atakayotimiza, mazoezini na mchezoni, akayasoma mbele ya wenzake, na mwenzake mmoja akaipokea kadi ile. Jambo hilo halionekani katika safu yo yote ya hesabu, nami naona ndilo linalofaa kuulizwa kwanza.

Tarehe 4 Septemba 2004, mjini Seattle, mchezo wa kwanza wa mwaka ule, shule ya Bellevue iliwashinda kwa 39 kwa 20.

Ladouceur aliacha uongozi wa timu Januari 2013. Hesabu yake ni hii: kushinda 399, kushindwa 25, sare 3. Ulibaki ushindi mmoja tu itimie 400, hakuungoja.