DARSA: MAWE YA KANDO YA BARABARA NA MAZINGATIO YAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Katika Sura ya Al-Ankabut, aya ya 20, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi, tutazame namna alivyoanzisha uumbaji. Na katika Sura ya Fatir, aya ya 27, ameitaja milima na rangi zake mbalimbali. Kisha katika aya inayofuata akawataja wenye elimu kuwa ndio wamchao. Tuuzingatie mpango huu: mawe yametangulia kutajwa, na wanavyuoni wakafuata. Basi imekuwaje sisi wa pwani hii, tukaao juu ya mawe yaliyojaa dalili, tukawa twayapita asubuhi na jioni pasi na kuyatazama?

Darsa yetu ya leo ni juu ya mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, ambayo katika Kiswahili cha vitabu huitwa visukuku. Twaanza na yaliyo mlangoni petu, hapa Kibarani na Kilifi.

Jiwe letu ni nini?

Mtu akisimama mahali ardhi ilipokatwa kupitisha barabara, au mbele ya ukuta wa timbo, au chini ya majabali ya hori la Kilifi, na alitazame jiwe kwa makini. Ataona vitundu vidogo vilivyopangika kama masega ya nyuki, na pengine alama za mviringo zenye miali kama nyota. Hayo ni matumbawe, nayo ni nyumba zilizojengwa na wanyama wadogo wa baharini. Kando yake ataona makombe, mengine mazima, mengine vipande. Jiwe hili, basi, lilikuwa mwamba wa bahari ulio hai, samaki wakipita juu yake kama wapitavyo leo juu ya miamba ya Watamu.

Wajuzi wa elimu ya miamba wamelipima jiwe la pwani yetu, na sehemu yake wameikadiria umri wa miaka kiasi 125,000. Zama hizo maji ya bahari duniani yalikuwa juu kuliko leo kwa kadiri ya mita 6 hadi 9. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu, mvua ikaugandisha, nasi tukaja tukajenga juu yake.

Wazee wetu walilijua jiwe hili kwa kazi. Misikiti ya Mnarani na ya Gede, mji ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Hata mihrabu ya Mnarani ilichongwa katika matumbawe. Maamuma waliosimama hapo walielekea kibla, na mbele yao pana jiwe lililokuwa kiumbe kabla yao kwa zama nyingi.

Makosa mawili

Kosa la kwanza ni la wale wanaoliona jiwe lenye umbo la kombe au la mdudu wakasema ni kazi ya majini, au wakalifunga hirizi, au wakalisaga kuwa dawa ya kijicho. Kwetu sisi jambo hili lina hukumu iliyo wazi. Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Mungu amuwie radhi, alipolibusu Jiwe Jeusi la Alkaaba, alisema wazi kwamba ajua ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba alibusu kwa kumfuata Mtume. Ikiwa haya yalisemwa juu ya jiwe lenye heshima kuliko mawe yote, yatasemwaje juu ya kombe lililookotwa timboni?

Kosa la pili ni la wale wasemao kwamba makombe yote yaliyo nchi kavu yaliletwa na gharika ya Nabii Nuhu, amani iwe juu yake. Sisi twaiamini gharika kama ilivyotajwa katika Kitabu. Lakini Kitabu hakikusema kwamba matumbawe ya Kilifi yaliletwa nayo, na jiwe lenyewe lakanusha. Matumbawe mengi yamesimama wima palepale yalipoota, tabaka juu ya tabaka. Tumbawe hukua polepole mno, na mwamba mzima wataka karne nyingi. Maji ya ghafla huvunja na kutawanya. Hayapandi wala hayaoteshi.

Wala elimu hii si ugeni kwetu. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kwamba majangwa ya Bara Arabu yalikuwa bahari, na akatoa ushahidi wa makombe yanayoonekana watu wachimbapo visima. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika Kitabu cha Shifaa namna wanyama na mimea wanavyoweza kugeuka mawe. Watu hawa walisoma Qurani na wakasoma ardhi. Sisi warithi wao tumeshika kimoja tukakiacha cha pili. Na ikiwa mtu ataogopa hesabu za miaka mingi, na akumbuke kwamba Qurani haikutaja umri wa dunia, na kwamba katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 47, tumeambiwa siku moja kwa Mola wetu ni kama miaka elfu ya hesabu yetu.

Je, trilobiti wapo kwetu?

Vijana wetu wameona picha za mnyama wa mawe aitwaye trilobiti, mwenye mgongo uliogawanyika mafungu matatu kwa urefu, nao huuliza kama anapatikana Kilifi. Huyu alikuwa mnyama wa baharini, wa jamaa ya kaa na wadudu. Trilobiti wa kwanza wanaojulikana waliishi yapata miaka milioni 521 iliyopita, na wa mwisho wakatoweka yapata milioni 252 iliyopita. Aliye mkubwa kuliko wote waliopatikana mzima alionekana mwaka 1998 karibu na Churchill, nchini Kanada, na urefu wake wapita sentimita 70. Katika jimbo la Ohio, Marekani, watu huwatafuta katika mawe yaliyokatwa kando ya barabara, na wengi hupata vipande tu, kwa kuwa mnyama huyu alikuwa akijivua gamba mara nyingi katika umri wake.

Jawabu kwa Kilifi ni kwamba hatumtarajii, na sababu yake yafahamika kwa hesabu. Matumbawe yetu ni ya jana tu ukilinganisha na zama zake. Tukipanda kuelekea Kaloleni twakuta mawe ya chokaa ya Kambe, yenye umri wa miaka kiasi milioni 170; na katika udongo mgumu wa Mombasa na Rabai hupatikana amonaiti, makombe yaliyojikunja kama pembe ya kondoo dume. Hayo yote ni ya bahari, lakini bahari hiyo ilikuja trilobiti wakiwa wamekwisha. Mbele zaidi, Mazeras, kuna miti iliyogeuka mawe. Na Taru kuna mawe makongwe zaidi, ya zama ambazo trilobiti walikuwa wangalipo. Lakini mchanga wa Taru uliwekwa na mito na maziwa, naye hakuwa mnyama wa huko. Palipokuwa na wakati wake hapakuwa na bahari. Na ilipokuja bahari, wakati wake ulikuwa umepita.

Faida ya kujua haya si ndogo. Trilobiti wengi wanaouzwa duniani hutoka Moroko, nchi ya ndugu zetu Waislamu, katika miji ya Alnif na Erfoud. Wako mafundi hodari wanaowachonga kwa uaminifu kutoka ndani ya jiwe, na wako wanaowaunda kwa gundi na plasta wakawauza kuwa ni wa asili. Hii ni ghishi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, amejitenga na mwenye kughushi. Basi akija mtu na trilobiti akidai amemtoa Kilifi, mjue ama amekosea ama anadanganya.

Adabu za mtafutaji

Kwanza, usalama. Roho ni amana. Mtafutaji asisimame ndani ya njia ya magari, wala asichimbe chini ya ukuta wa jiwe ulioning'inia.

Pili, ruhusa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya Makumbusho ya Taifa na Urithi haimruhusu mtu kufanya uchimbaji wa kutafuta visukuku bila ya leseni. Na atakayegundua kitu cha namna hiyo yampasa atoe habari kwa Makumbusho ndani ya siku 7. Kutazama, kupima na kupiga picha hakumdhuru mtu. Kubomoa, kuficha na kuuza nje ni kula mali ya umma.

Tatu, kuandika. Kila kinachoonekana kiandikiwe mahali pake, tabaka lake, na siku yake. Kisukuku kisichojulikana kilikotoka ni kama hadithi isiyo na isnadi: huenda ikawa kweli, lakini mwanachuoni hawezi kuitegemea.

Ndugu zetu walimu wa vyuo, twawaomba jambo moja. Ijumaa moja baada ya sala, watoeni wanafunzi wenu, wavulana na wasichana, mwende nao hadi jiwe lililo karibu. Wasomeeni aya tulizozitaja, kisha muwaulize: hili tumbawe limesimama au limelala? Kombe hili ni zima au limevunjika? Maji yalikuwa wapi? Mtoto atakayejibu maswali hayo kwa macho yake hatamwogopa jini wa timboni, wala hatadanganywa na mwenye kuuza mawe.

Wabillahi tawfiq.