Mtoto na Sarafu: Kuhesabu, Kubadilisha na Kutoa



Mwekee mtoto wa miaka mitano sarafu tano za shilingi mia upande mmoja, na sarafu moja ya mia tano upande wa pili, kisha mwambie achague. Mara nyingi atachukua zile tano, kwa sababu kwake vipande vingi ndiyo fedha nyingi. Anajua kuhesabu, lakini bado hajatambua kwamba idadi ya sarafu ni jambo moja na thamani yake ni jambo lingine. Mtoto wa namna hiyo anaweza kutaja namba hadi mia bila kukosea, na bado akapunjwa chenji dukani, kisha nyumbani akaadhibiwa kwa kosa asilolielewa.

Somo hili ni kwa wazazi, makatekista na mafrateri wanaokaa na watoto parokiani wakati wa likizo.

Maandalizi

Tafuta sarafu halisi: kumi za mia, na chache za hamsini, mia mbili na mia tano. Zioshe kwa sabuni. Watoto ambao bado hutia kila kitu mdomoni wasipewe.

Hatua ya 1: Kutambua

Mwaga sarafu mkekani, watoto wazitenge. Picha za wanyama zitawasaidia: faru yuko kwenye hamsini, swala kwenye mia, simba kwenye mia mbili, nyati kwenye mia tano. Wakishazoea, wasome tarakimu. Waeleze pia majina ya mtaani. Mtoto anayesikia “jero” kituo cha daladala aelewe kuwa ndiyo ile mia tano ya nyati.

Hatua ya 2: Kuhesabu kwa mia

Hapa Kiswahili kinatusaidia. Tunasema mia moja, mia mbili, mia tatu. Kwa hiyo mtoto anayejua moja hadi kumi tayari anaweza kuhesabu hadi mia kumi, yaani elfu moja. Anza na sarafu za mia peke yake. Apange moja moja huku akitaja kwa sauti. Hamsini iache hadi mwisho, maana jina lake halimwonyeshi mtoto kwamba ni nusu ya mia. Ukifika hapo, weka hamsini mbili juu ya mia moja, arudie mara kadhaa.

Hatua ya 3: Kubadilisha

Hiki ndicho kiini cha somo. Panga sarafu tano za mia kwa mstari, na chini yake weka moja ya mia tano. Mtoto akupe tano, umpe moja. Kisha akupe moja, umpe tano. Fanya hivyo pia kwa mia mbili. Akichagua vibaya usimkaripie. Mwambie ahesabu tena kwa mia. Mwulize: “Nyati mmoja anabeba swala wangapi?” Atakapojibu watano bila kuambiwa, ameelewa thamani.

Hatua ya 4: Duka

Fungueni duka la mchezo: pipi hamsini, kiberiti mia, andazi mia mbili. Mtoto akinunua andazi kwa mia tano, asianze kutoa. Aanzie kwenye bei na kupanda: mia mbili imeshalipwa, mia tatu, mia nne, mia tano. Amepanda mara tatu, basi chenji ni mia tatu. Wabadilishane nafasi, ili kila mmoja awe muuzaji na mnunuzi. Mwishoni waulize chenji ni ya nani. Ni ya aliyemtuma, nayo irudi yote.

Kutoka dukani hadi kwenye Injili

Mtoto aliyefika hapa anaweza kusoma Injili kwa hesabu. Katika Mathayo 10:29, shomoro wawili wanauzwa kwa sarafu moja ndogo. Katika Luka 12:6, watano wanauzwa kwa sarafu mbili. Mwache apige hesabu: sarafu mbili zingetosha shomoro wanne. Huyo wa tano katoka wapi? Ni nyongeza, kama inayotolewa sokoni kwetu. Na hata huyo asiye na bei, Mungu hamsahau.

Kisha nendeni Marko 12:41-44. Mjane anatoa sarafu mbili ndogo kabisa, na Marko anaeleza thamani yake kwa sarafu ya Kirumi ili msomaji aelewe jinsi kiasi kile kilivyokuwa kidogo. Yesu habadilishi hesabu hiyo. Anachotazama ni kwamba mama yule hakubakiza kitu.

Tuwe waangalifu hapa. Mtoto akishajua thamani ya fedha, ataanza pia kuona kwamba mwenzake ana jero naye ana hamsini. Katekista asitangaze sadaka za watoto wala kuzilinganisha. Mzazi naye asisubiri kikapu kifike ndipo amsukumie mtoto sarafu mkononi. Ampe mapema, mtoto aihesabu, ajue angeweza kununua nini, kisha aamue kuitoa.

Zoezi la wiki

1. Mtume mtoto dukani na mia tano kununua kitu kimoja. Kabla hajaondoka, akwambie chenji atakayopewa.
2. Atafute njia tatu za kupata mia tano kwa sarafu tofauti.
3. Jumamosi jioni, aandae mwenyewe sadaka yake ya Jumapili.