Saa za Babu: Jinsi ya Kuzihifadhi na Kuzionyesha Nyumbani

Mwaka huu nimeombwa niandike somo lenye manufaa ya nyumbani, nami nimechagua utunzaji wa saa za mkono. Msinicheke. Si kila nyumba ina saa nyingi, hilo nalijua, lakini mwenye moja na mwenye kumi shida zao ni zile zile.

Kwetu Mombasa zimo saa sita. Tano zilikuwa za marehemu babu, aliyefanya kazi ya reli, na moja ni ya nyanya. Baada ya arobaini, ami na mashangazi walifanya kikao wakakubaliana kwamba saa hizo zisigawanywe wala zisiuzwe mpaka mjukuu wa mwisho amalize masomo ya sekondari. Basi mjukuu huyo sasa ndio kwanza anang'oka meno ya utoto! Ufunguo wa sanduku nikapewa mimi. Saa ikiharibika, si yangu peke yangu iliyoharibika. Ni ya watu kumi na wanne.

Adui wa kwanza wa saa huku pwani ni unyevu. Wataalamu wa kuhifadhi vitu vya kale hupendelea hewa yenye unyevu wa kama asilimia 50, na kwetu aghalabu huzidi hapo. Mkanda wa ngozi huota kuvu, na mvuke hupenya pale penye kidude cha kutilia ufunguo. Ukiona jasho ndani ya kioo, saa ipelekwe kwa fundi upesi, maana kutu haingoji. Usiianike juani, kwani jua hufifisha rangi ya uso wa saa na kukausha mafuta na ngozi. Dawa yangu ni vile vifuko vidogo vya punje za kunyonya maji vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Navibadilisha kila baada ya muda, kwa sababu navyo hushiba. Kuna wanaotumia mchele. Mchele una vumbi, mimi siutaki karibu na saa.

Sanduku lenyewe alilichonga seremala wa mtaani, la mbao na kifuniko cha kioo. Lilipofika lilinuka vanishi, kwa hiyo tuliliacha wazi majuma kadhaa hadi harufu ikaisha, kwani mvuke wa rangi na wa mbao mbichi hufanya madini kuwa meusi. Ndani nimetandika kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila wanga, na kila saa imevikwa kijimto cha pamba ili mkanda usikunjike. Sponji sikuitia, kwa kuwa baada ya miaka huoza ikawa kama gundi. Tena usifunge saa ya fedha kwa mpira wa kufungia karatasi, maana mpira una salfa, na salfa huitia fedha weusi.

Haya, tuje kwa sumaku. Ndani ya saa ya ufunguo mna kamani nyembamba kama unywele, iliyozungushwa duara juu ya duara. Ikishikwa na sumaku, duara zake hugandana, na saa huanza kukimbia dakika nyingi kwa siku. Watu husema ati saa imezeeka, kumbe ililala juu ya spika ya redio! Hata simu ina sumaku kwenye spika yake, na vifuniko vingine vya simu vina sumaku ya kufungia. Sentimita chache zaweza kutosha kuleta balaa, kwa hiyo sanduku letu liko mbali na redio kwa mkono mzima. Ukiwa na shaka, azima dira, upitishe saa karibu nayo polepole. Sindano ikiyumba sana, muone fundi, anacho chombo cha kuiondoa sumaku na kazi yenyewe haichukui muda.

Saa za betri zina mambo yao. Betri iliyokufa huvuja, na kile kinachovuja hula mitambo. Kwa hivyo saa isiyovaliwa muda mrefu itolewe betri. Na betri hiyo usiiache mezani hata dakika moja. Mtoto akiimeza ikamkwama kooni, yaweza kumchoma ndani kwa muda wa saa mbili tu. Hapo hakuna kungoja kesho, ni kukimbia hospitali.

Sasa ile iliyotutia wasiwasi zaidi. Saa moja ya babu ni ya zamani sana, na tarakimu zake zilipakwa rangi ya kung'aa gizani. Kabla ya miaka ya 1960, saa nyingi za namna hiyo zilipakwa radi, madini yenye mnururisho. Kule Marekani wasichana waliozipaka walikuwa wakinyoosha ncha ya brashi kwa midomo. Wengi waliugua mifupa na taya, na wengine wakafa. Watano walishtaki kampuni huko New Jersey, na kesi ikamalizwa kwa mapatano mwaka 1928. Jambo la kutahadhari ni kwamba rangi hiyo ikiacha kung'aa haimaanishi imekwisha nguvu. Radi huchukua miaka kama 1,600 kupunguka nusu; kilichochoka ni ule unga uliochanganywa nayo. Saa hiyo haifunguliwi nyumbani wala haikwanguliwi, haikai chumba cha kulala, na watoto hawaishiki. Nimeitenga kwenye kijisanduku chake, nami hukifungua karibu na dirisha, kwa kuwa radi hutoa gesi ambayo si njema kuvuta.

Kuhusu wezi, sitasema mengi. Usiweke saa mahali zinapoonekana kutoka barabarani, na usitegemee nondo za dirisha, kwani mwizi na ufito wake huvuta hata suruali. Mimi nina daftari. Kila saa imeandikwa jina lake, namba iliyo mgongoni, mikwaruzo yake, na picha imebandikwa. Nakala anayo shangazi. Ikipotea, polisi watapewa maelezo kamili badala ya "ilikuwa ya rangi ya dhahabu."

Siku za kawaida sanduku limo kabatini, limefungwa. Siku ya Idi hutolewa sebuleni, likawekwa kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua. Anayetaka kushika saa huketi kwanza, mezani, juu ya mkeka uliokunjwa, ili ikimponyoka isifike sakafuni. Ami mkubwa huishika ile ya mfukoni na kutuonyesha jinsi babu alivyoisoma: hutazama upande ulio mkabala na akrabu fupi. Ikielekea 7, mkabala wake ni 1, na hiyo ndiyo saa moja yetu.