Madoa sugu ya gari yasikukate pumzi

Jioni moja ya Jumamosi aliletwa katika zahanati yangu hapa Pipeline kijana wa miaka 22 ambaye hujipatia riziki kwa kuosha magari kando ya barabara. Alikuwa akikohoa mfululizo, macho yamewiva na kifua kinambana. Wenzake walidhani ni pumu. Tayari walikuwa wamemnywesha pakiti nzima ya maziwa.

Nilipowadadisi, walinieleza kwamba mteja mmoja alikuwa ameacha gari ambalo mtoto wake alikuwa amelikojolea na kulitapikia. Sabuni iliposhindwa kutoa doa, kijana alimimina klorini ya kung'arishia nguo juu ya zulia. Doa lilipokataa kutoka, aliongeza asidi ya kusafishia choo, akainama ndani ya gari kusugua. Kijana huyo alipona, lakini baada ya kulazwa hospitalini na kuwekewa oksijeni kwa siku mbili.

Nini kilichomdhuru?

Klorini ya nguo ikichanganywa na asidi hutoa hewa yenye sumu ya klorini. Hewa hiyo ndiyo iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani dhidi ya maadui wake mjini Ypres, Ubelgiji, mnamo Aprili 1915. Ikikutana na unyevu wa macho, koo na mapafu, huunguza.

Ni vyema pia ikumbukwe kwamba hewa hii ni nzito mara mbili na nusu kuliko hewa ya kawaida. Haipandi juu ikatokea dirishani, bali hutuama chini, palepale kwenye zulia ambapo msafishaji ameinamisha uso wake.

Hata bila asidi, kumwaga klorini juu ya mkojo ni kosa. Mkojo uliokaa huwa na amonia, na viwili hivyo vikikutana hutoa mvuke mwingine unaokereketa mapafu. Isitoshe, klorini hula rangi ya zulia. Doa la kahawia hugeuka kuwa doa jeupe, na hilo halitoki milele.

Kila doa na dawa yake

Mtaani kwetu maji hununuliwa kwa mtungi, na najua ndiyo sababu wengi hukimbilia dawa kali ili kuokoa maji. Hata hivyo, madoa mengi hutoka kwa maji kidogo na subira.

Damu: Huenda ulimkimbiza jirani aliyeshikwa na uchungu wa uzazi usiku. Vaa glavu, kwani virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi katika damu iliyokauka kwa muda wa siku saba au zaidi. Tumia maji baridi na sabuni. Maji moto huigandisha damu kama yai linavyoganda kwenye kikaango. Gandamiza kwa kitambaa, usisugue, maana kusugua hulipanua doa. Likibaki, paka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa katika maduka ya dawa, lakini kwanza ijaribu kwenye pembe isiyoonekana.

Matapishi: Yazoe kwa karatasi ukiwa umevaa glavu na kuyatupa chooni. Usiyapige brashi yakiwa makavu, kwani vumbi lake hubeba viini vya kuharisha. Osha kwa sabuni, suuza, kisha anika. Vile vizulia vya mpira vinavyotolewa, viloweshe kwa klorini iliyozimuliwa. Iwapo lebo inasema ina nguvu ya asilimia 3.5, changanya kikombe kimoja na vikombe sita vya maji, acha kwa dakika kumi, kisha suuza. Klorini inayopimwa kwenye chupa isiyo na lebo haijulikani nguvu yake, hivyo iepuke.

Mkojo: Fyonza kwa kitambaa, osha kwa maji na sabuni, kisha nyunyiza siki iliyozimuliwa ili kuondoa harufu. Siki nayo ni asidi, kwa hivyo isikaribie klorini kamwe.

Oili na grisi: Nyunyiza poda au unga, acha saa moja ufyonze mafuta, kisha ukung'ute na kusugua kwa sabuni ya vyombo. Usitumie petroli. Mvuke wake pia hutuama chini ndani ya gari, na cheche moja ya swichi au sigara yatosha kuulipua. Wakazi wa Nairobi hatujasahau tarehe 12 Septemba 2011, ambapo petroli iliyovuja ililipuka katika kijiji cha Sinai na kuua watu zaidi ya 100.

Baada ya kuosha zulia lolote, fungua milango yote na uliache likauke kabisa juani. Zulia lililofungiwa likiwa bichi huota kuvu, ambayo huwachokoza wenye pumu, hasa watoto.

Ajali ikitokea

Mtu akizidiwa na mvuke, mtoe nje upesi hadi penye hewa safi. Usiingie kumfuata ukabaki humo ukimfanyia kazi yake. Mvue nguo zilizoloa dawa, na kama macho yanawasha, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 au zaidi. Usimpe maziwa. Maziwa huenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu, na anayekohoa kwa nguvu aweza kupaliwa nayo.

Mpeleke hospitalini hata akisema amepata nafuu, kwani mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Beba chupa za dawa alizotumia ili daktari azione.

Kadhalika, usihifadhi dawa hizi katika chupa za soda. Mtoto akizinywa, usimtapishe. Kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda. Mkimbize hospitalini.

Na wewe mwenye gari, unapomwachia kijana ufunguo, mwambie doa hilo ni la nini. Mteja wa siku ile aliona haya kusema mwanawe alikojoa, akasema ni soda iliyomwagika. Yule kijana alilitia klorini doa la mkojo bila kujua.

Kinga ni bora kuliko tiba.