Mshipi wa Mwanzi Mwepesi: Mafunzo Niliyopata Kati ya Ruiru na Kimakia

Ukiishi Ruiru au Thika na una mwanzi mwepesi wa kuvulia trauti, umekaa pazuri. Mito ya Thika na Chania huanzia Nyandarua, na huko juu, upande wa msitu wa Kimakia, maji ni baridi kiasi cha kumtosha trauti. Samaki huyu ni mgeni kwetu. Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905, akawatia katika mto Gura. Tangu 1948 kituo cha Kiganjo kimekuwa kikizalisha vifaranga vya trauti. Kwa hiyo mchezo huu una zaidi ya miaka mia moja kwenye milima yetu, na leo vijana wa hapa wanautaka. Wananijia na mianzi mizuri, mingine ya kurithi, mingine ya kununua mitumba, na karibu wote wamekwama mahali pamoja: mshipi.

Wana haki ya kukwama. Kwa ndoana ya kawaida, risasi ndiyo inayovuta uzi hadi majini. Kwa nzi wa bandia, ambaye ndiye chambo cha trauti, hakuna risasi, na nzi mwenyewe ni manyoya na nyuzi tu. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe. Ukikosea mshipi, hata mwanzi uliotengenezwa na fundi bora utaonekana ukuni.

1. Pima mto kabla ya kwenda dukani

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Gatanga ambaye ujanani aliwabebea wavuvi mizigo. Nilikuwa nikimweleza habari za mwanzi wangu, urefu wake na namba yake. Aliniacha nimalize, kisha akauliza, "Sasa, kijana wangu, samaki yuko wapi?"

Nikamwonyesha kidimbwi nyuma ya jiwe, chini ya matawi.

"Na wewe umesimama wapi?"

"Hapa, mzee."

"Basi hesabu hatua."

Hazikufika nane.

Swali lile limebeba hesabu yote. Namba za mishipi zilipangwa na watengenezaji wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kinachopimwa ni uzito wa futi 30 za mwanzo, yaani mita 9.14. Namba 3 ni gramu 6.5, namba 4 ni gramu 7.8, namba 5 ni gramu 9.1. Lakini kwenye kijito cha msituni ni nani anayetoa mita tisa za mshipi? Mita 6 za namba 4 hazifikishi hata gramu 5.2, ambazo ni uzito wa namba 2 kamili, kwa sababu sehemu ya mbele ndiyo nyembamba kuliko zote. Mwanzi ulioandikwa 4, yaani wa mshipi namba 4, ukiwa mzito wa kuitika pale mtoni, haujapewa mzigo wa kutosha. Hapo namba 5 huufaa. Ukienda bwawani kwenye uwazi, ukatoa mita 12 au zaidi, mwanzi uleule utalemewa na namba 5. Rudi kwenye 4, au hata 3.

Nilishangaa sana siku nilipoona mshipi mwepesi ukienda mbali kuliko mzito kwa mwanzi mmoja. Siku hizi kijana akiniuliza namba gani, kwanza namuuliza anavua wapi.

2. Namba iliyoandikwa kwenye boksi nayo ipimwe

Kuna mshipi niliouagiza kutoka nje, umeandikwa 4, ambao haukukubaliana na mwanzi wangu hata kidogo. Niliutandaza barazani, nikaondoa kipande kifupi cha mbele kisichohesabiwa, nikapima mita 9.14 kwa futikamba na kutia alama ya wino. Sehemu ile nikaizungusha kwenye vidole vinne na kuifunga kwa uzi wa pamba, kisha nikaupeleka mshipi wote kwa sonara mmoja mjini Thika. Aliweka kile kibunda kwenye mizani yake ndogo, sehemu iliyobaki akaishikilia juu kwa mkono ili isivute. Gramu 8.9. Namba 4 inaruhusiwa kuwa kati ya gramu 7.4 na 8.2. Niliyoinunua, basi, ilikuwa karibu namba 5 iliyovaa jina la 4.

Hilo si la duka moja. Mianzi mingi ya siku hizi ni ya kaboni, migumu, na watengenezaji wa mishipi huongeza uzito makusudi ili mianzi hiyo ipinde. Mwenye mwanzi wa asili hakuombwa maoni. Mizani ya sonara haidanganyi, na sonara wa Thika hakunitoza hata shilingi.

3. Mwanzi wa asili una uzito wake

Hapa nilikosea, na gharama yake naiona kila ninapofungua mfuko wa mwanzi ule. Mwenzangu aliniambia mshipi mzito humsaidia anayejifunza, kwa sababu anausikia ukivuta. Nikaweka namba 6 kwenye mwanzi wa futi 7 uliotengenezewa namba 4, nikauvulia msimu mzima. Ukiuinua sasa na kutazama kutoka mpini kuelekea ncha, utaona ncha imeinama upande na hairudi. Fundi aliweza kuinyoosha kwa moto wa taratibu. Ikainama tena.

Sababu imo katika utengenezaji wake. Mianzi mizuri ya kuvulia hutokana na mmea wa Tonkin, unaoota Guangdong, China. Fundi huupasua, huchonga vipande sita vya pembetatu, kisha huvigandisha kwa gundi viwe ufito mmoja wa pembe sita. Ufito huo kwa kawaida ni mzima ndani, si bomba kama kaboni, kwa hiyo uzito wake wenyewe tayari unaupinda kila unaporusha. Mshipi unaongeza tu pale ambapo kazi imeshaanza. Mwanzi mwepesi hauhitaji kulazimishwa.

Njia ya kujua ni rahisi. Nenda uwanjani jioni upepo ukitulia. Ruiru viwanja vya shule havikosekani. Chagua nyasi, usitandaze mshipi kwenye murram, kwa kuwa changarawe hukwangua ngozi yake. Badala ya ndoana funga kipande cha uzi wa sufu. Rusha mita 6, kisha 8, kisha 10, na utazame ncha. Ikirudi na kutulia, mshipi unafaa. Ikiendelea kutikisika huku mshipi ukifungua duara pana hewani, umezidisha. Ikiwa inabidi utumie nguvu ya bega ndipo mshipi unyooke, umepunguza.

4. Kwenye kijito, chukua DT

Boksi litakuwa na herufi DT au WF. WF ina uzito wote mbele, nyuma yake kuna uzi mwembamba, na imeundwa kwa ajili ya kurusha mbali. DT imechongoka ncha zote mbili na ni nene katikati. Kimakia una matawi mgongoni, kwa hiyo mara nyingi hutarusha nyuma. Utaviringisha mshipi juu ya maji kwenda mbele, na kwa kazi hiyo unene wa DT unaoendelea hadi mkononi ni msaada mkubwa.

Tena ni nafuu. Upande mmoja ukichakaa, unaugeuza. Kama rili yako ni ndogo, kata DT ya futi 90 katikati, umpe mwenzako nusu na mgawane bei. Mita 13 na zaidi zinatosha kijito chochote cha huku.

5. Hariri ni nzuri, lakini ina masharti

Mianzi ya zamani huandikwa herufi badala ya namba: HEH ni karibu namba 4, HDH karibu 5, HCH karibu 6. Ni kipimo cha unene wa mishipi ya hariri, iliyotumika kabla ya mishipi ya plastiki kuenea miaka ya 1950. Hariri ni nyembamba kuliko plastiki ya uzito uleule na hukata upepo vizuri. Lakini lazima uipake mafuta ili ielee, na kila jioni uitoe kwenye rili ikauke, la sivyo inaoza. Kama huna jioni za kufanya hivyo, kaa na plastiki.

Mwenye pesa za mshipi mmoja tu, na mwanzi wa futi 7 ulioandikwa 4, anunue DT namba 4 yenye uzito halali. Atavua nayo kijitoni na bwawani bila kuumiza mwanzi, na namba 5 ataiongeza baadaye kwa ajili ya vidimbwi vya karibu. Kata leseni ya uvuvi, na kabla ya kutoa pesa omba mshipi wa mwenzako uujaribu kwanza kwenye nyasi. Wavuvi wa huku hawanyimani.