Somo la Mwezi: Milima ya Shimba na Uwanda wa Pwani

Ndugu mkulima, ukisimama Kwale asubuhi na kutazama mashariki, utaona uwanda wa pwani umelala chini yako: minazi ya Tiwi na Diani, na bahari nyuma yake. Hapo uliposimama ni karibu meta 400 juu ya bahari, na mpaka ufukoni hapafiki kilometa 20. Milima hii si mirefu, lakini bila hiyo uwanda ungekuwa na maji machache sana. Tuone sababu.

Upepo wa kusi hutoka baharini ukiwa na unyevu mwingi. Ukifika milimani hulazimika kupanda. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa haiwezi kushika unyevu wote. Basi hugeuka ukungu na mvua. Ukishavuka mgongo wa milima, upepo huo umekwisha pungukiwa na maji. Ndiyo maana Kinango, iliyo upande wa pili, ni pakavu kuliko Kwale.

Je, mvua hiyo huenda wapi? Udongo wa juu ni wa kichanga, na chini yake mna mwamba uliofanywa kwa mchanga ulioshikamana. Maji huzama polepole mpaka yakutane na tabaka isiyoyapitisha, kisha hutokea ubavuni mwa kilima. Hiyo ndiyo chemchemi. Maji ya chemchemi za Marere hupelekwa kwa mabomba mpaka Mombasa. Mto Mkurumudzi nao huanzia milimani na kuingia baharini Gazi. Kwa sababu hiyo, kilima ni kama tangi: hujazwa wakati wa masika na kutoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi.

Sehemu kubwa ya msitu ilifanywa hifadhi mwaka 1968, lakini mashamba ya skimu yamo kando yake, nayo pia ni sehemu ya tangi hilo. Udongo wa kichanga hauna chakula kingi cha mimea. Kilichopo kimo katika tabaka nyembamba ya juu. Ukilima kwa kufuata mteremko, mvua kubwa hupata njia, hukimbia na tabaka hiyo, wala haizami. Hapo umepata hasara mbili: mahindi yako yatakuwa manjano, na chemchemi itapungua.

Basi pima usawa wa shamba. Chukua miti miwili ya urefu sawa, ifunge kama herufi A, tia mti wa tatu katikati, na uning'inize jiwe kwa uzi kutoka juu. Simamisha miguu juu ya vigingi viwili na utie alama uzi unapopita. Geuza miguu, tia alama tena. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Tembeza kipimo hicho ukivuka mteremko, piga vigingi, kisha lima na upande ukifuata mstari huo. Panda majani ya nepia juu ya matuta. Yatashika udongo na kulisha ng'ombe.

Kando ya chemchemi usilime. Najua pana rutuba na unyevu, na ndizi hustawi hapo. Lakini miti ikiisha, ukingo hubomoka na mchanga huziba jicho la maji. Aliyepata mikungu michache atakwenda mbali na ndoo, yeye na jirani zake wa chini.

Jipime mwenyewe. Baada ya mvua kubwa ijayo, teka maji ya kijito kilicho chini ya shamba lako katika gilasi, uyaache yatulie. Yakiwa safi, kazi yako ni njema. Kukiwa na tope chini ya gilasi, ujue hilo ni shamba lako linasafiri kwenda Gazi. Usingoje masika mengine. Mwite Bwana Shamba mpime pamoja.